Maswali ya Wasomaji: Asili na Maana ya Kitenzi Teketeza

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwandishi mchanga wa taarifa za habari katika redio moja hapa Dar es Salaam. Hivi karibuni niliandika kwamba "maduka manane yameteketea kwa moto", na mhariri wangu akayafuta maneno "kwa moto" akisema kwamba kuteketea ni kuungua, na hakuna kinachoteketea bila moto. Mwenzangu wa meza ya jirani akapinga, kwa kuwa bibi yake wa Rufiji husema ukoo fulani uliteketea, na hakuna moto wowote uliouwakia ukoo huo. Mwingine akaingilia akasema neno lenyewe ni la Kiarabu kama yalivyo haribu na hilikisha (yaani kuangamiza), na wa nne akashikilia kwamba limetokana na teke, yaani kupiga kitu mateke hadi kivunjike. Nimepekua kamusi nikapata maana, lakini asili sikuipata. Naomba utusaidie: teketea na teketeza yana maana gani hasa, yametoka wapi, na je, mhariri alikuwa na haki ya kufuta?

Msomaji wa Tandika, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na asili, kwa sababu ubishi wenu juu ya maana unakuwa mwepesi zaidi ukishajua neno hili ni la ukoo gani.

Madai ya Uarabu yanajibika kwa kulitazama neno lenyewe. Vitenzi tulivyopokea kutoka Kiarabu kwa kawaida huishia na irabu i, u au e, kama vile hiliki, fisidi, haribu, dhulumu na samehe, na irabu hiyo ya mwisho haibadiliki hata kitenzi kikikanushwa au kikiwekwa katika hali ya kutaka jambo litendeke: tunasema haharibu, na tunasema aharibu. Vitenzi vya asili ya Kibantu huishia na a, na a hiyo haitulii. Tunasema kimeteketea, lakini hakiteketei, na kiteketee. Irabu ya mwisho imekuwa a, ikawa i, ikawa e, na hiyo ni tabia ya maneno yaliyozaliwa ndani ya lugha hii na dada zake.

Ushahidi wa pili ni wa kale zaidi, nao umo katika ile z ya teketeza. Hapo zamani vitenzi kama potea, jaa na kataa vilikuwa na sauti l kabla ya irabu ya mwisho, na l hiyo ikadondoka katika matamshi ya Kiswahili, ila haikuondoka bila kuacha alama. Bado tunaisikia tunaposema "potelea mbali", na tunaisikia tunaposema kwamba mchumba amekataliwa. Sauti iliyotoweka inarudi mahali pake kila kitenzi kinapoongezewa kiambishi. Basi vitenzi vya namna hiyo vilipotiwa kiambishi cha kale cha kusababisha, l ile ilikutana na sauti iliyokuwa karibu na i na zote mbili zikageuka kuwa z. Potea ikazaa poteza, jaa ikazaa jaza, kataa ikazaa kataza, na lala, ambayo haikuidondosha l yake hata leo, ikazaa laza. Kwa mwendo huo huo k iligeuka kuwa sh, ndiyo maana moto unaowaka tumeuwasha na mti ulioanguka tumeuangusha. Teketea na teketeza yamo katika safu hii hii. Neno la kukopwa halina historia ya aina hiyo, ndiyo maana hiliki haikuwa hilisha. Ilichukua kiambishi kilichokuwa tayari, ikawa hilikisha.

Kuhusu teke, sioni njia ya kulifikisha huko. Teke ni nomino, nasi hupiga teke. Kitu kilichopigwa mateke hadi kikavunjika kimebaki vipande vipande, na vipande vinaweza kuokotwa, kuhesabiwa na hata kuunganishwa. Kitu kilichoteketea hakina vipande. Ndugu wa karibu wa teketea, kwa maoni yangu, ni lile neno teketeke, linalotumika kwa kitu laini kinachobonyea au kupondeka kwa urahisi, kama nyama teketeke isiyo na mfupa wala ugumu wowote. Umbo la maneno haya mawili ni moja, na maana zake zinashikana vizuri: ubao uliowaka hadi mwisho hauna tena ugumu wa ubao, na ukiugusa kwa kidole unasambaratika. Naona kwamba teketea lilisema kwanza juu ya kitu kupoteza uimara wake wote, na moto ukawa mfano mkubwa wa jambo hilo kwa sababu hakuna kitu kinachoondoa uimara wa vitu kwa haraka na kwa ukamilifu kuliko moto.

Nikija kwenye maana, jambo la kushika ni kwamba kitenzi hiki hakielezi mwanzo wa maangamizi wala mwendo wake. Kinaeleza mwisho. Lugha yetu ina vitenzi vingi vya moto, na kila kimoja kina ngazi yake. Wali ukiungua, ukoko unabaki chini ya sufuria na sehemu ya juu inalika. Mkono ukiungua unauguzwa na kupona. Ngozi ikipatwa na mvuke wa maji ya moto hubabuka. Kuni zikiwaka bado ni kuni, na mtu akizimwagia maji atabaki na kitu mkononi. Kuteketea ni pale ambapo hakuna tena cha kumwagia maji, na wahenga waliposema moto huzaa jivu walikuwa wanaielezea hatua hii.

Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliuelewa mpaka huu kwa usahihi unaonigusa kila ninapousoma. Katika sura ya 3 ya kitabu cha Kutoka, Musa anakiona kijiti kinachowaka moto, "nacho kijiti hakikuteketea". Muujiza wote wa habari ile umekaa katika tofauti ya vitenzi viwili. Kijiti kuwaka si ajabu, maana nyikani vijiti huwaka. Ajabu ni kwamba kiliwaka bila kufika mwisho wa kuwaka. Kama kuteketea kungekuwa ni kuungua tu, kama alivyosema mhariri wako, sentensi hiyo ingekuwa inajipinga yenyewe. Na katika kitabu cha Mambo ya Walawi ile sadaka ambayo mnyama mzima aliunguzwa juu ya madhabahu inaitwa sadaka ya kuteketezwa, tofauti na sadaka ambazo sehemu yake ililiwa. Hata hapo kinachoangaliwa ni kilichobaki.

Sasa tazama mfano wa hapa kwetu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliwaka moto, na kesho yake tulisikia na kusoma kila mahali kwamba soko limeteketea. Bidhaa za wafanyabiashara ziliteketea, hilo halina ubishi, na kwa wengi wao mtaji wa maisha yao ulikuwa ndani ya bidhaa hizo. Lakini jengo lenyewe, lile lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa katika miaka ya 1970, halikuteketea. Liliungua vibaya, zege lake likabaki limesimama, na baadaye likakarabatiwa. Mwandishi aliyeandika kwamba jengo limeungua na bidhaa zimeteketea alimpa msomaji habari mbili za kweli, tena kwa maneno machache, na mfanyabiashara aliyekuwa njiani kutoka mkoani akisikiliza redio alijua hasa nini cha kutumaini na nini cha kulia. Aliyeandika kwamba soko limeteketea alichanganya mambo hayo mawili. Ninalisisitiza hili kwa sababu habari za moto zinasomwa kwanza na wale ambao mali yao ilikuwa ndani.

Kwa sababu hiyo hiyo nakusihi ulitumie neno hili kwa uangalifu mkubwa linapokuja suala la binadamu. Ukisema kwamba abiria wameteketea, umewaambia jamaa zao kwamba hakuna mwili wa kuzika. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi liseme, kwa kuwa ni kweli na kweli haifichwi. Lakini kama watu wamefariki kwa kuungua na miili yao imehifadhiwa hospitalini ikisubiri kutambuliwa, andika hivyo hivyo. Anayesikiliza nyumbani ana haki ya kujua tofauti hiyo.

Tufike kwa bibi wa Rufiji. Bibi yuko sahihi kabisa, na matumizi yake yanatuonyesha kwamba teketea lina upana kuliko moto. Ukoo ukiteketea maana yake hakubaki mtu wa kulibeba jina. Na sishangai kwamba neno hilo linasemwa Rufiji, maana si mbali na hapo, katika vilima vya Umatumbi, ndiko Vita vya Majimaji vilikoanzia Julai 1905, watu walipoing'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani, chini ya Gavana von Götzen, ilivizima vita hivyo kwa silaha na kwa moto pia: vijiji, mashamba na maghala ya chakula vilichomwa makusudi, ili watu wakose cha kula na waache kupigana. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba waliokufa hadi mwaka 1907, kwa vita na kwa njaa, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Maghala yaliteketea kwa moto, na koo zikateketea kwa njaa. Kitenzi ni kile kile katika sentensi zote mbili, na sababu ni mbili tofauti.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Kwa kuwa watu wanaweza kuteketea kwa njaa, kwa maradhi au kwa vita, maneno "kwa moto" si ya ziada. Yanataja chanzo ambacho kitenzi chenyewe hakikitaji. Ni kweli kwamba maduka yakitajwa kuwa yameteketea msikilizaji atawaza moto kwanza, na mhariri anayebana nafasi anaweza kuyafuta bila kumpotosha mtu. Lakini kusema kwamba yalikuwa makosa, hapana. Kama mhariri wako anatafuta neno la kufuta, afute "kabisa" kila anapokuta "yameteketea kabisa", kwa sababu ukamilifu umeshakaa ndani ya kitenzi na hauhitaji kuongezewa. Vivyo hivyo akikuta "limeteketea kwa kiasi fulani" alikatae, kwa kuwa kilichobakiza kiasi hakijateketea. "Sehemu ya ghala imeteketea" ni sentensi nzuri. Sehemu hiyo imekwisha yote, na iliyobaki ni nyingine.

Na teketeza, kwa kuwa ni kitenzi cha kusababisha, mara nyingi hubeba nia. Mfano ninaoupenda kwa usahihi wake ni wa majirani zetu wa Kenya, ambao tarehe 18 Julai 1989 waliteketeza tani 12 za pembe za ndovu katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi mbele ya Rais Daniel arap Moi, na tarehe 30 Aprili 2016 wakateketeza tani 105 mahali hapo hapo. Pembe haiwaki kwa urahisi, hivyo ilibidi yatumike mafuta mengi. Kusudi lilikuwa pembe hizo zisirudi sokoni kwa njia yoyote, wala nzima wala vipande, na kwa kusudi hilo kitenzi kilichostahili ni teketeza. Taarifa za hapa kwetu hulitumia pia kwa dawa zilizokwisha muda wa matumizi na kwa bidhaa bandia, nayo ni matumizi mazuri pale bidhaa hizo zinapotiwa katika tanuri la kuteketezea taka. Zikiwa zimepondwa kwa mashine na kufukiwa shimoni, ningependa kuona zimeandikwa kuwa zimeharibiwa na kufukiwa, kwa sababu kilichofukiwa kinaweza kufukuliwa.

SWALI

Assalamu alaikum, ndugu mwalimu. Mimi ni mzee mstaafu, na kila Ramadhani nasikiliza tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili msikitini kwetu Magomeni. Nimeona kwamba watu wa kale waliopewa adhabu wanatajwa kuwa "waliangamizwa", na vijana wetu wanasema angamiza na teketeza ni kitu kimoja. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema "hilikisha". Maneno haya yanatofautianaje?

Msomaji wa Magomeni, Dar es Salaam

JIBU

Waalaikumu salaam, mzee wangu. Neno la marehemu baba yako ndilo lililo karibu zaidi na Kiarabu chenyewe. Katika sura ya Al-Haqqah, ambayo ni ya 69, zinatajwa kaumu mbili, Thamudi na Adi, na kitenzi kilichotumika kwa zote mbili ni cha mzizi ule ule uliotupatia hiliki na hilikisha. Watafsiri wetu wakachagua angamiza, nami naona walichagua vyema, kwa kuwa kaumu ya Adi iliangamizwa kwa upepo mkali. Mtu akisema kwamba upepo umewateketeza, msikilizaji atatafuta moto ambao haumo katika aya.

Angamia ni neno la Kibantu kama teketea, na z ya angamiza ilikuja kwa mfano wa z zile nilizozieleza hapo juu. Kipo kitenzi angama, ambacho ni kuning'inia au kunaswa juu bila kufika chini, kama embe lililodondoka likashikwa na matawi. Umbo lake ni la jamii ya inama, simama na kwama, yaani vitenzi vinavyoeleza hali ambayo kitu kimekaa. Mimi naona angamia limechipuka hapo. Mtu aliyeangamia amepoteza pa kukanyaga, hana tegemeo. Ndiyo maana neno hili linamfaa kiumbe mwenye uhai, au jamii, au taifa, kuliko linavyolifaa ghala au gari. Nabii Hosea, katika Biblia ya Kiswahili, anasema "watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa", na hakuna anayedhani kwamba watu hao waligeuka jivu. Wameharibikiwa kwa sababu walikosa cha kushika.

Mfano mwingine wa zama zetu unastahili kutajwa, nao ni mzito. Mauaji ya Wayahudi karibu milioni 6 yaliyofanywa na utawala wa Hitler hadi mwaka 1945 yanaitwa katika lugha nyingi za Ulaya kwa neno Holocaust, lenye asili ya Kigiriki, ambalo maana yake ni kitu kilichoteketezwa chote, na ambalo zamani lilikuwa neno la sadaka. Wayahudi wengi hawalipendi jina hilo, kwa sababu waliouawa hawakuwa sadaka kwa yeyote, nao hutumia neno la Kiebrania Shoah, linalomaanisha maafa makubwa. Kiswahili kimeyaita Maangamizi. Sisi tuliokuwa na "sadaka ya kuteketezwa" tayari mdomoni tungeweza kuchukua njia ile ya Kigiriki bila shida, na nashukuru kwamba hatukuichukua. Kutokana na neno hilo hilo la maangamizi tumepata "silaha za maangamizi", yaani zile za nyuklia, za kemikali na za kibiolojia, na hapo pia kinachopimwa ni uhai wa watu wengi, si majengo.

Haribu nalo lina historia ya kusikitisha kidogo. Kwa Kiarabu mzizi wake ni wa kubomoa na kuacha magofu, na kh yake ililainika kuwa h kama ilivyolainika katika habari, hatari na hasara. Leo tunasema simu imeharibika, tumbo limeharibika na siku imeharibika. Neno lililokuwa likisema juu ya miji iliyohamwa limeshuka hadi kwenye redio ya kupeleka kwa fundi. Maneno makubwa hushuka hivyo yanapotumika kwa mambo madogo kila siku, na teketea nalo linaweza kufuata njia hiyo endapo kila jiko lililounguza pazia litaandikwa kuwa limeteketeza nyumba.

Kuhusu hilikisha, mzee wangu, usiliache. Wasomaji wa tenzi bado wanalijua, na wajukuu zako watalijua wakilisikia kwako.

SWALI

Ndugu mwalimu, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya afya ya mtaa wetu, Mbagala. Tunataka kuandika bango la usafi wa mazingira kabla ya mvua za masika. Nusu ya kamati wanataka "Tuteketeze Malaria" na nusu wanataka "Tutokomeze Malaria". Tuandike lipi?

Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU

Ndugu mjumbe, andikeni "tutokomeze".

Tokomea ni kwenda zako hadi usionekane tena. Tunasema mwizi ametokomea gizani, wala hatumaanishi kwamba amekufa. Ndani yake unaisikia toka. Kwa hiyo kutokomeza ni kuondoa kitu katika upeo wa macho na kukizuia kisirudi, na kwa sababu hiyo neno hili linafaa kwa vitu visivyo na mwili wa kuunguza: ugonjwa, umaskini, ukeketaji, rushwa, ujinga. Serikali ililichukua mwaka 2013 kwa operesheni ya kupambana na ujangili, Operesheni Tokomeza, na wilaya ya Kisarawe ililichukua kwa kampeni ya elimu ya Tokomeza Ziro. Katika mfano wa pili uteuzi ulikuwa mzuri hasa, kwa kuwa ziro haina kitu cha kuharibu. Inachoweza ni kutoweka kwenye karatasi za matokeo.

Mfano kamili wa kutokomeza ugonjwa ni ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida ya maambukizi alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo haupo tena miongoni mwa watu. Tazama lakini kwamba virusi vyenyewe havikuteketezwa vyote, maana sampuli zimehifadhiwa katika maabara mbili, moja Marekani na moja Urusi, na kwa miaka mingi mataifa yamekuwa yakijadiliana kama ziharibiwe au zibaki. Ndui imetokomezwa. Virusi vyake havijateketezwa. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuieleza habari hiyo nzima kwa vitenzi viwili, wakati wengine wanahitaji aya nzima ya ufafanuzi.

Kwa malaria hali ni hiyo hiyo. Malaria hutokomezwa. Mbu na viluwiluwi wake, ambao wana uhai, huangamizwa. Madimbwi hufukiwa, na vifuu na makopo yanayotuama maji huondolewa. Vyandarua vilivyochakaa sivihesabu hapa, kwa kuwa hivyo vinahitaji maelekezo ya mtaalamu wa afya kabla ya mtu kuvichoma. Kama bango lenu lina nafasi ya mstari mmoja tu, "Tutokomeze Malaria" linatosha. Likiwa na mistari miwili, wekeni juu "Tuangamize Mazalia ya Mbu", na chini yake "Tutokomeze Malaria", kwa mpangilio huo, kwa sababu la kwanza ndilo linaloleta la pili na mpita njia ataona mara moja kazi anayoombwa kuifanya nyumbani kwake.